Isipokuwa Yeye

Kuna mtaa mmoja katika mji huu ambao kwa muda mrefu sikuupita. Hauna wezi wala mbwa wakali. Katikati yake kuna duka la vyombo vya plastiki, juu ya mlango wa duka kuna spika, na ndani ya spika hiyo nilikuwemo mimi.

"Ndoo, mabeseni, majagi. Ndoo zenye mifuniko, ndoo zisizo na mifuniko. Ingia mama, ingia baba, kuangalia ni bure."

Asubuhi mpaka jioni. Nikiwa na homa, sauti yangu iliuza. Nikiwa msibani, sauti yangu iliuza. Siku niliyotolewa vitu vyangu nje, godoro limeegemezwa ukutani na watu wamesimama kutazama, sauti yangu ilikuwa palepale juu ya kichwa changu, inawakaribisha ndani.

Biashara ile tuliianza chini, juu ya turubai, mimi na mume wangu. Yeye hana sauti. Ni nyembamba, akiipandisha inakatika. Mwitaji nilikuwa mimi. Wenzetu wa mtaani walimbandika jina la Mabeseni, na mimi wakaniita Honi, na sikukasirika, maana honi ndiyo iliyokuwa ikiwasimamisha wateja. Tulipopata chumba cha duka, akanunua spika. Asubuhi moja akanipeleka stoo, akanirekodi, akasema analionea huruma koo langu. Nilifurahi kama mjinga. Koo likapumzika, na baada ya koo nikapumzishwa mimi mwenyewe. Akaleta msichana wa kusaidia dukani, na msaada wake ukaingia mpaka chumbani kwangu.

Nilipofukuzwa sikuomba duka, ingawa nusu ya duka lile imejengwa kwa mate yangu. Nilirudi siku moja kuomba kitu kimoja tu, anifute kwenye spika. Alikuwa anapanga majagi, hata hakugeuka.

"Spika ni yangu, umeme ni wangu, na maneno ni ya duka," akasema. "Wewe ulipiga kelele tu."

Wateja waliokuwepo wakacheka. Tangu siku ile nikawa nazunguka kwa nyuma, kwa njia ya dampo, nikipita katikati ya nzi na moshi wa takataka, ili tu nisijisikie mwenyewe nikimuuzia yule bwana ndoo zake.

Nilihamia kwa dada yangu. Dada haoni. Surua ilimchukua macho akiwa mdogo, na wazazi wakampeleka shule ya bweni ya wasioona. Mimi nilibakizwa nyumbani kuteka maji, kulea wadogo na kupika. Kusoma nilijifunzia ukubwani, kwenye maboksi ya bidhaa. Sisemi namwonea wivu Dada. Nasema tu kwamba yeye aliibuka na kazi na mimi niliibuka na mgongo mbovu.

Kazi yake ni simu. Ukipiga ofisi ya maji kulalamika kwamba bomba limekauka au limepasuka, anayekujibu ni Dada. Alikuwa na mtambo wa zamani wenye vitufe, na kila kitufe alikijua kwa kidole kama mama anavyojua vichwa vya wanawe. Watu wa mtaa mzima aliwajua kwa sauti. Mtu akisema "haloo" tu, Dada anamuuliza kama lile bomba la uani bado linavuja.

Kisha ofisi ikatangaza kwamba mtambo unaondolewa. Simu zitapitia kwenye kompyuta, na kila lalamiko liandikwe humo. Mkuu wa ofisi alimwita Dada akamwambia kwa upole sana kwamba amefanya kazi nzuri, na mtu aliyefanya kazi nzuri anastahili kupumzika. Dada alinisimulia akiwa anavua viatu. Nikamwambia hilo neno la kupumzika nalifahamu, nimewahi kupumzishwa.

Aliyekataa ni Fundi. Fundi ni binti mwembamba, mwenye begi la nyaya, ndiye anayezitunza kompyuta za ofisi ile. Yeye humwita Dada mama, kwa hiyo mimi ni mama mdogo. Alikuja nyumbani na kompyuta yake akatueleza kwamba mashine za pale ofisini zinaendeshwa na mfumo huria, ambao haununuliwi. Watu wengi wa nchi nyingi wanautengeneza na kuutoa, anayetaka anachukua. Ndani yake mna programu inayomsomea asiyeona kila kilichoandikwa kwenye skrini.

Akaiwasha tuisikie ikisoma Kiswahili. Ilisema "maji" kama mtu aliyebanwa pua kwa koleo. Dada alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaacha kucheka, akaomba isome jina la mtaa mmoja. Ikasoma. Akaomba tena. Hakulielewa, na mimi mwenye macho na masikio yote sikulielewa.

Fundi akasema kinachotakiwa ni sauti ya mtu wetu. Lakini pale ofisini hawaruhusiwi kuweka chochote kisichotoka kwenye ghala la mfumo wenyewe, kule zinakohifadhiwa programu zilizokaguliwa, kwa sababu mtu aliwahi kuleta programu za mtaani na zikaua kompyuta zote. Kwa hiyo sauti hiyo ikubaliwe kwanza ghalani. Ikikubaliwa kabla mtambo wa zamani haujang'olewa, Dada anabaki. Isipokubaliwa, Dada anakwenda kupumzika.

Kisha akanigeukia. "Mama mdogo, wewe una sauti."

Nikamwambia mtu mwingine aliwahi kuniambia hivyo. Lakini nilikubali. Dada ndiye aliyenifungulia mlango nilipokuja na godoro kichwani.

Tulirekodi chumbani kwake. Dirisha tuliliziba kwa godoro, mlango kwa mablanketi, kabati la nguo tukaliacha wazi limeze mwangwi. Dada alikaa kitandani na karatasi za nukta nundu magotini, anasoma sentensi kwa vidole, ananinong'oneza, na mimi naisema kwenye maiki. Sentensi zenyewe zilikuwa za ajabu, zimetungwa ili kila mlio wa lugha upatikane. Mjomba amenunua mlango wa chuma. Nyanya zimeng'ang'ania kwenye mche. Samaki huyu hapendi kusubiri.

Ilikuwa wiki mbaya. Asubuhi ya siku ile ya kurekodi jirani, bila nia mbaya, alinieleza kwamba Mabeseni ameiongeza spika nguvu, sasa Honi anasikika mpaka stendi. Nikaingia kurekodi na hilo kifuani.

Fundi alinisikiliza, akavua visikizi vyake masikioni taratibu.

"Mama mdogo, hii sentensi inahusu samaki. Mbona unamfokea?"

"Ndiyo sauti yangu."

"Tunaweza kupumzika kidogo uirudie."

"Iache hivyohivyo," Dada akasema kutoka kitandani. "Mimi nimekua nayo."

Ikaachwa. Fundi akaondoka na sauti yangu, akaipika kwenye kompyuta yake, na aliporudi mashine ilikuwa inaweza kusema neno lolote utakaloliandika, hata nisilowahi kulitamka. Dada akaandika jina la mtaa uleule. Nikajisikia nikilitamka wazi, kwa ukali, kama namwita mtoto aliyechelewa kurudi. Dada akapiga makofi.

Kilichobaki, Fundi akasema, ni leseni. Ghala lile halipokei kitu kwa sababu ni kizuri tu. Linataka mwenye kitu aseme kwa maandishi, kwa jina lake, kwamba ameruhusu.

"Mwenye kitu ni nani?" nikauliza.

"Ni wewe, mama mdogo."

Nikakaa vizuri kwenye kiti. Nilikuwa sijawahi kuitwa mwenye kitu. Nikamwambia aendelee. Akaeleza kwamba kila mtu ataruhusiwa kuitumia sauti, kwa kazi yoyote, hata ya biashara. Ataruhusiwa kuibadilisha na kuwapa wengine. Atakayeigawa itambidi aliache jina langu na yale maneno ya ruhusa kama yalivyo.

"Kila mtu nani?"

"Kila mtu."

"Na yule wa mabeseni?"

Fundi akamtazama Dada, kana kwamba Dada angeweza kumrudishia jicho. "Naye," akasema.

Nikamwambia aandike: kila mtu, isipokuwa yeye. Jina lake lote, la baba yake na la babu yake, asije akatokea mwingine akaonewa. Fundi akasema watakataa. Nikamwambia tuma, wakatae wao, si wewe. Akaandika, akatuma.

Jibu lilitoka kwa mkaguzi wao, mtu wa mbali ambaye kazi yake ni kusoma leseni ya kila kinachotaka kuingia ghalani, tena anaifanya bure. Alijibu kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyonichoma zaidi. Alisema sauti ni nzuri na wanaihitaji. Lakini kanuni yao ni moja kwa wote, leseni haiwezi kumtenga mtu wala kundi la watu. Aliongeza kwamba anasikitika kwa yaliyonipata.

"Anasikitika nini?" nikamwambia Fundi. "Huyo hajawahi kulala nyumba moja na Mabeseni."

Nikatafuta njia nyingine. Nikasema basi jina lake litoke, iandikwe kwamba sauti isitumike madukani. Ikarudi. Kanuni haimruhusu mtu kuzuia aina ya kazi. Wa duka na wa hospitali ni sawa. Nikasema basi anayeitaka aje kwanza aniombe, nipo nyumbani, sina pa kwenda. Ikarudi. Ruhusa inatakiwa iwe imeshatolewa tangu mwanzo, mtu asipige hodi kwa yeyote.

"Wameshakujua huko sasa," Fundi akasema. Alijaribu kutabasamu.

Sikutabasamu. Nilimwambia achukue kanuni zao awarudishie. Nimeshaibiwa sauti mara moja, na aliyeniibia angalau alijua anaiba. Hawa wanataka nifungue mlango mwenyewe, nimwambie karibu, na chai nimwandalie. Katika dunia nzima nimeomba mtu mmoja tu asiguse kitu changu. Mmoja. Watu wangapi wanaishi duniani, na wote nimewapa. Na bado mimi ndiye niliyeonekana mchoyo.

Fundi alikusanya nyaya zake akaondoka bila kubishana. Mlangoni alisema kwa sauti ya chini kwamba mtambo unang'olewa mwisho wa mwezi.

Dada alikuwa anakunja nguo. Hukunja kwa kupapasa mishono, na nguo zake hutoka zimenyooka kuliko zangu. Alikunja mpaka rundo likaisha.

"Unajua neno nililolisikia sana maishani mwangu?" akaniuliza.

Nikamwambia sina hamu ya mafumbo.

"Isipokuwa. Chumba kinapangishwa kwa yeyote, isipokuwa. Kazi ni ya kila mwenye cheti, isipokuwa. Yule mchumba wangu, mama yake alisema ataoa mwanamke yeyote anayempenda. Isipokuwa."

"Mimi sijakutaja wewe. Nimemtaja mwizi."

"Umemtaja mwizi, na anastahili. Kesho atakuja mwingine na wa kwake asiyempenda, naye ataonyesha ukurasa wako, aseme mbona huyu mama aliruhusiwa." Akaziweka nguo kabatini, rafu kwa rafu. "Mdogo wangu, wakishaanza kuandika majina ya kuachwa nje, la kwangu halikawii."

Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira huokota kilicho karibu. Nikamwambia yeye asinifundishe, yeye alisomeshwa, mimi nikaachwa na masufuria.

"Nilipelekwa bweni ili wageni wasinione sebuleni," Dada akasema. "Ulikuwa hujui?"

Sikujua. Sikumwomba radhi pia. Nilivaa ndala nikatoka.

Miguu ilinipeleka kulekule nilikokataa kwenda. Nilisimama kwenye kona, kwenye kibanda cha fundi viatu, mzee tuliyekuwa tukigawana naye kivuli enzi za turubai. Akanisogezea stuli, akaendelea kushona soli. Spika ilikuwa inaita. Ingia mama, ingia baba.

Kwa mara ya kwanza nilikaa nikaisikiliza mpaka ikajirudia. Ilikuwa sauti ya furaha. Hilo nilikuwa nimelisahau. Yule mwanamke wa kwenye spika alikuwa anacheka katikati ya maneno, anaita watu kwenye duka analodhani ni lake, na aliyemshikia maiki alikuwa anamchekesha. Nilitaka kumzaba kibao. Yule ndiye aliyeibiwa, na hakuna leseni ya kumrudisha. Hata Mabeseni akichukua hii sauti mpya yote, yule hampati tena. Anayebaki sasa ni huyu anayemfokea samaki.

Niliporudi, Dada alikuwa amekaa karibu na simu, hafanyi kitu. Nikamwambia ampigie Fundi. Fundi alipopokea nikasema, "Ondoa lile neno."

"Neno gani, mama mdogo?"

"Unalijua. Ondoa lote, na jina lake na la baba yake. Lakini uwaambie hivi: sijamsamehe."

"Hawajauliza hilo."

"Waambie."

Akawaambia. Mkaguzi akajibu kwamba kanuni haina neno kuhusu kusamehe. Hapo ndipo nilipomheshimu kidogo.

Sauti iliingia ghalani kabla mtambo haujang'olewa. Siku ya kwanza nilimsindikiza Dada kazini, nikasimama nyuma ya kiti chake. Mkuu alikuja kujionea, mikono nyuma, uso wa kutoa pole. Simu ikalia. Dada akapokea, vidole vikaandika, na kila alichoandika nikajisikia nikimsomea sikioni, bomba limepasuka, nyuma ya soko, tangu jana. Alibonyeza kitufe kisicho sahihi na mashine ikasema "Kosa" kwa sauti iliyomfanya Mkuu arudi hatua nyuma.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mdogo wangu," Dada akasema. "Ndivyo alivyo."

Hakupumzishwa. Wala Mkuu hakuwahi kuomba radhi kwa lile neno lake, na Dada hakusubiri.

Nililokuwa naliogopa lilitokea. Fundi viatu ndiye aliyeniletea habari, alikuja mpaka mlangoni na gundi bado vidoleni. Spika ya Mabeseni ilikuwa imeungua. Aliiongeza nguvu mpaka ikajichoma, na yale maneno ya zamani yakapotelea humo. Mtengeneza kompyuta mmoja akamwambia asihangaike, kuna mfumo huria, kuna sauti ya Kiswahili ndani yake, aandike tu anachotaka kisemwe. Wakaandika. Mabeseni aliposikia ni nani, alicheka akapiga meza.

Nilichukua mkoba nikaenda. Nilikwenda kwa ugomvi, sitaficha. Njia nzima nilikuwa napanga matusi, makubwa mbele, madogo nyuma.

Lakini nilipofika kona ile nilisikia, nikasimama. Maneno yalikuwa yaleyale.

"Ndoo. Mabeseni. Majagi. Ingia mama. Ingia baba. Kuangalia ni bure."

Yalikuwa yaleyale, ila yalisemwa na mtu anayefukuza kuku jikoni. Kuangalia ni bure ilitoka kama onyo. Mama mmoja aliyekuwa ameshika jagi alilirudisha harakaharaka rafuni. Vijana wa ng'ambo ya barabara walikuwa wameacha kazi zao, wanasubiri ijirudie, na ikijirudia wanapigana mabega. Mmoja akapaza sauti, "Mabeseni, naona bi mkubwa amerudi."

Mabeseni aliniona akiwa mlangoni. Akaja mpaka kwenye ngazi, tumbo mbele.

"Umesikia?" akasema. "Ulitaka nikufute, na sasa umenipa mwenyewe. Tena bure."

"Nimewapa watu wote," nikamwambia. "Wewe umo humo kwa bahati mbaya."

Alitaka kujibu, lakini kutoka ndani alitokea yule aliyenirithi. Amenenepa, amechoka, ana beseni kiunoni. Hakunitazama mimi, alimtazama Mabeseni.

"Siwezi kugombezwa na mwanamke huyu kutwa nzima nikiwa dukani kwangu," akasema. "Ama yeye ama mimi."

Mabeseni akamwambia ni mashine tu, anaweza kumtafuta mtu aibadilishe iwe laini, inaruhusiwa. Akamwambia ampe wiki. Yule mwanamke hakumpa wiki. Alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akachomoa waya.

Mtaa ukanyamaza. Sikuwahi kuusikia ukiwa kimya tangu tulipotandika turubai. Wateja walikuwa wanapita, hakuna anayegeuza kichwa. Mabeseni aliwatazama wakipita, akaninyooshea kidole kana kwamba nimemwibia kitu, akakishusha. Halafu akajikohoza, akachukua ndoo moja, akaiinua juu na kuanza kuita kwa kinywa chake mwenyewe. Sauti ilitoka nyembamba. Alipofika kwenye neno mifuniko ikakatika.

Nilikaa kwenye stuli ya fundi viatu nikasikiliza mpaka akaanza kukohoa. Hasira yangu ilikuwepo yote, haikupungua hata tone, na mpaka leo ninayo. Kisha nikachukua mkoba wangu, nikapita mbele ya duka lake katikati ya barabara, na siku ile nikarudi nyumbani kwa njia fupi.